Maswali ya ngozi: soma tyubu kabla hujapaka

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia kitu kimoja: krimu ya mchanganyiko, yaani yenye dawa kadhaa ndani ya tyubu moja, ambayo maduka ya dawa humpa kila anayejikuna. Nimezipanga pamoja makusudi.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka sita ana mapunye. Nimempaka krimu ya mchanganyiko wiki tatu, yanazidi kuenea. Nibadilishe krimu? (Mama, Mbagala)

Marahaba, mama. Usibadilishe krimu, iache kabisa. Fangasi ya mapunye inaishi ndani ya unywele na kwenye shina lake. Krimu inaishia juu ya ngozi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Griseofulvini hupimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 400. Ampime mhudumu wa afya, usikadirie kwa macho. Mpe dawa pamoja na chakula chenye mafuta, hata maziwa au karanga, maana akimeza tumbo likiwa tupu sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Hapo ndipo wengi hukosea, kisha husema dawa haifanyi kazi. Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 mara mbili kwa wiki inapunguza kuwaambukiza wengine, lakini peke yake haiponyi. Wakague ndugu zake wote, na kila mtu awe na kitana chake.

Pale penye mapunye pakivimba, pakawa laini na kutoa usaha, usikubali mtu apapasue kama jipu. Huenda ni mapunye yaleyale yaliyokasirika, na yakichelewa huacha upara wa kudumu.

Krimu gani nzuri kwa fangasi? Naomba jibu la haraka.

Fangasi ya wapi? Kichwani, kucha, kwapani au mgongoni? Swali hili huja kila mara bila sehemu, bila muda, bila umri, na bila hayo hakuna jibu. Kama ni choa kwenye ngozi ya mwili, chukua klotrimazoli asilimia 1 peke yake, mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa duara kwa sentimita mbili, na uendelee wiki mbili baada ya alama kupotea.

Nina muwasho kwenye mapaja. Krimu ya mchanganyiko inautuliza kwa siku mbili, nikiacha unarudi kwa nguvu. Mwili wangu umeizoea? (Dereva, Mombasa)

Hapana ndugu, mwili haujazoea. Geuza tyubu usome maandishi madogo. Utakuta dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, mara nyingi betamethasoni. Steroidi ndiyo inayokupa nafuu hiyo ya siku mbili. Inanyamazisha wekundu na muwasho, ambavyo ni kinga ya mwili ikipigana, na fangasi inabaki kukua bila upinzani. Ukiacha, kinga inaamka na kukuta adui ameongezeka. Mwishowe ukingo wa duara unafutika, upele hauna tena sura ya choa, na hata mtaalamu anaweza kuuita jina lingine.

Mapajani ngozi ni nyembamba na mikunjo yenye joto inafunika dawa, hivyo steroidi huingia zaidi. Miezi michache inatosha kuchora michirizi ambayo haifutiki maisha yote.

Acha krimu hiyo wiki moja hadi mbili. Muwasho utapanda, vumilia. Kisha nenda maabara wakwangue magamba kwenye ukingo wa upele, si katikati, wayaweke kwenye potasiamu hidroksidi na kuyatazama kwa hadubini. Ni kipimo rahisi. Kifanyike kabla hujapaka dawa mpya ya fangasi, la sivyo kinaweza kudanganya.

Ninasisitiza haya kwa sababu ya yaliyotokea India. Fangasi iliyopewa jina la *Trichophyton indotineae* mwaka 2020 mara nyingi haisikii terbinafini, dawa ya fangasi inayotumika sana, na madaktari wa ngozi wa huko wanaihusisha na matumizi holela ya krimu za namna hiihii. Tayari imeonekana katika nchi nyingine nyingi.

Krimu hiyo inang'arisha uso kweli?

Weupe huo ni madhara ya steroidi: inapunguza rangi ya ngozi na kuikondesha. Kinachofuata ni vishipa vyekundu, chunusi na vinyweleo.

Mimi na mume wangu tulipaka BBE (dawa ya benzili benzoeti) usiku mmoja kwa ajili ya upele wa wadudu. Wiki ya pili sasa bado tunawashwa. Watoto hawajikuni, hatukuwapaka. (Morogoro)

Dada, kosa liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, na huku anaambukiza. Fiji walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Jamii moja ilitibu wagonjwa na watu wao wa karibu tu, na baada ya mwaka upele ulishuka kutoka asilimia 36.6 hadi 18.8. Nyingine iliwapa dawa ya kumeza ya ivermektini watu wote, wanaojikuna na wasiojikuna, nao ulishuka kutoka 32.1 hadi 1.9.

Kwa hiyo nyumba nzima, siku moja. Pakeni kuanzia shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni na sehemu za siri. Kesho yake pakeni tena bila kuoga, ogeni baada ya saa 24, na mrudie baada ya wiki. Kwa watoto dawa ya asilimia 25 huzimuliwa, kwa hiyo mfamasia akupimie. Mtoto mchanga anahitaji dawa nyingine. Mkinawa mikono, ipakeni upya. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe kwenye mfuko siku tatu au zaidi.

Muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne hata wadudu wakishakufa. Vipele vipya ndivyo dalili ya kushindwa.

Mafuta gani ya bei ghali ni bora kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi?

Hakuna. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 ulilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito kwa watoto 550, na hakuna aina iliyoshinda. Chukua yasiyo na manukato ambayo mtoto anayakubali, umpake kwa wingi ngozi ikiwa bado na unyevu. Na ngozi ikiwaka, steroidi peke yake, kwa kipimo alichotoa daktari, ni dawa halali; msiiogope kwa sababu ya dhambi za ile krimu.

Nimealikwa kwenye utafiti wa dawa ya pumu ya ngozi. Wanasema huenda nikapewa mafuta yasiyo na dawa. Wananifanya mjinga? (Dar es Salaam)

Hapana, wamekuambia ukweli. Pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe, na mafuta matupu nayo husaidia. Bila kundi la kulinganisha, nafuu yoyote itasifiwa kuwa ya dawa. Ndiyo sababu picha za "kabla na baada" hazithibitishi chochote.

Uliza kabla ya kusaini: namba ya kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), nani atakutibu ukidhurika, utapewa dawa gani hali ikiwa mbaya. Upate nakala ya fomu kwa Kiswahili. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Wakikuuzia dawa ya majaribio, ondoka.

Nawe uwe mkweli. Watakuambia uache krimu zako kwa muda kabla ya kuanza. Ukiendelea kuipaka ile ya mchanganyiko kwa siri, nafuu ya steroidi itaandikwa kwa jina la dawa nyingine, na atakayeumia ni mgonjwa atakayeandikiwa dawa hiyo baadaye.

Nina baka la rangi hafifu mkononi, haliwashi. Duka wamenipa krimu ileile.

Usiipake. Fumba macho, mtu akuguse hapo kwa ncha ya pamba. Usiposikia, nenda kituo cha afya leo: huenda ni ukoma, na dawa zake ni bure, miezi 6 au 12. Ukisikia, bado nenda likaguliwe.