Nyasi bandia kwenye mteremko

Ndugu yangu, umeuliza kama nyasi bandia zinaweza kutandikwa juu ya udongo ulioshindiliwa tu, hapo kwako Lushoto. Tafadhali usifanye hivyo. Shida ya milimani ni maji. Ukichonga upande wa juu na kujaza upande wa bondeni, udongo uliojazwa utatitia masika yakija, na kiwanja kitapinda. Anza na ukuta wa mawe upande wa bondeni, wenye matundu ya kutolea maji, na mtaro upande wa juu. Kisha mwaga kokoto sentimita 15 hadi 20, zishindiliwe tabaka kwa tabaka, mwinamo sentimita 1 kila mita. Mchanga wa kujazia katikati ya nyuzi za nyasi uwe umeoshwa na kukauka; wenye tope huziba njia ya maji. Fundi akisema ukuta si lazima, tafuta mwingine.