Chujio la pampu ya kusafishia paa: uliza plastiki gani, matundu baadaye

Wanaoanza kazi ya kusafisha paa za vigae huniuliza kwanza matundu ya chujio yawe madogo kiasi gani. Swali linalotangulia ni chujio lenyewe limetengenezwa kwa nini. Tunapulizia hipokloriti ya sodiamu, klorini ya maji inayouzwa kwenye madumu kwa nguvu ya asilimia 12 hivi, tukiipunguza kwa maji. Inaua kuvumwani na ukungu, lakini haichagui cha kula.

Brasi na alumini usiziguse. Hata wavu wa stenlesi, ambao wauza duka huusifia sana, hutobokatoboka kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba. Tena shaba iliyomo kwenye brasi ikiingia kwenye dawa huifanya ioze haraka na kutoa mapovu ya oksijeni, na pampu ikivuta mapovu inakosa nguvu.

Mtego mkubwa ni nailoni. Vichujio vingi vya mabomba ya kupulizia dawa za mimea vina wavu wa nailoni. Kwa shambani ni sawa, kwetu unakauka na kukatika kama nywele zilizoungua. Unachotaka ni polipropilini, polithini ngumu au PVC. Kama sehemu haina alama, kwangua kipande kidogo, kitumbukize kwenye glasi ya maji matupu na ukizamishe kwa kidole. Polipropilini na polithini huibuka, nailoni huzama. PVC nayo huzama, kwa hiyo kinachozama kiulizie zaidi. Usijaribie ndani ya dawa kali, maana ni nzito kuliko maji na nailoni inaweza kuelea humo. Vikombe vinavyoonesha ndani vinapendeza, ila vingi ni nailoni au polikaboneti. Mimi nachukua cheusi.

Oringi, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja, iwe ya Viton au EPDM, aina za mpira zinazostahimili dawa hii. Ile ya kawaida ya mpira wa nitrili itaharibika na kuvuja.

Matundu sasa: kabla ya pampu, wavu wa matundu 50 kwa inchi, yaani tundu la milimita 0.3 hivi, unatosha. Ukiweka laini zaidi pampu itahangaika kuvuta. Chagua chujio pana hata kama pampu ni ndogo.

Chujio la mdomo wa bomba la kunyonya unaweza kulitengeneza mwenyewe. Kata kipande cha bomba la PVC la inchi moja na nusu, ziba mwisho mmoja kwa kofia, toboa matundu mengi, kisha zungushia wavu wa plastiki wa dirishani. Chandarua chenye dawa ya mbu, hapana. Kufunga ndiko watu wanakoharibu: zile tai za plastiki za kufungia nyaya ni nailoni. Tumia kamba ya polipropilini. Kabla ya kuliamini, loweka kila kipande wiki nzima kwenye dawa, chombo kikiwa na mfuniko uliolegezwa ili gesi itoke, halafu kikunje. Kikivunjika, tupa.

Kazi ikiisha, vutisha maji safi mpaka harufu iishe. Chumvi ikikauka kwenye wavu hukaza kuliko uchafu. Usisafishe chujio kwa asidi ya chooni: ikikutana na mabaki ya dawa hutoa gesi ya klorini. Na kama mwenye nyumba anakinga maji ya mvua, chomoa bomba la tangi kabla hujawasha pampu.