Seli za neva zinazosafiri: majibu ya maswali yenu

Eti seli za ubongo wa mtoto aliye tumboni hutembea? Kwa miguu gani?

Hutembea kweli. Neva nyingi za gamba la ubongo, yaani sehemu yake ya nje, huzaliwa ndani kabisa, kando ya uwazi wenye majimaji, kisha hupanda kuelekea juu zikiambaa na nyuzi ndefu za seli ziitwazo glia radiali. Neva hutanguliza mkono mwembamba, halafu huvuta kiini chake kiufuate. Mtafiti wa ubongo Pasko Rakic alilionyesha hilo mwaka 1972 katika vijusi vya nyani. Baadaye ikabainika kwamba glia hizo ndizo huzaa neva zenyewe, yaani mtoto hukwea mgongoni kwa mama yake!

Inayofika kwanza hukaa juu kabisa?

La, na hapa ndipo panaponifurahisha. Gamba lina tabaka sita, na kuanzia la pili hadi la sita, waliotangulia hukaa chini. Wanaozaliwa baadaye huwapita na kukaa juu yao. Tabaka la kwanza lina seli zinazotoa protini ya rilini, inayosaidia kuuweka mpangilio huo. Kuna panya wasio nayo, walioelezwa mwaka 1951: huyumba wakitembea, na tabaka zao zimevurugika, nyingi zikiwa juu chini. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1995.

Zote hupita njia hiyo?

Hapana. Neva nyingi zinazotuliza wenzake hutoka sehemu nyingine, chini zaidi, na huingia kwenye gamba kwa kupita kando.

Mpwa wangu ana kifafa, na MRI imeonyesha ubongo wake hauna mikunjo. Dada yangu alikosea nini wakati wa ujauzito?

Pole sana, na tafadhali usimtwishe lawama. Hali hiyo huitwa lissensefali: neva zimekwama njiani. Mara nyingi chanzo ni jeni. Hitilafu ya jeni iitwayo LIS1 kwa kawaida huzuka upya kwa mtoto, wazazi hawana. Jeni nyingine, DCX, ni tofauti, kwa kuwa iko kwenye kromosomu X: mvulana hupata ubongo laini, lakini mwanamke anaweza kuwa na utepe tu wa neva chini ya gamba, pengine akaugua kifafa kidogo au asijue kabisa. Kwa hiyo dada yako aulize kuhusu kipimo cha jeni kabla ya mimba nyingine.

Safari huisha lini?

Kwa sehemu kubwa hufanyika kati ya wiki ya 8 na ya 24 ya ujauzito. Wachache, hasa hao watulizaji, huendelea kuingia sehemu ya mbele ya ubongo miezi kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa.