Jirani anashusha bei, mimi faida imekufa: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Nina duka la vitenge na khanga hapa Tanga, mwaka wa sita sasa. Zamani nilikuwa nauza vizuri sana, ila tangu mwaka jana kuna kijana kafungua duka mkabala na mimi, ana mtaji mkubwa na anashusha bei balaa. Na mimi nikashusha, sasa nauza lakini hela siioni. Kila mtu ananiambia "kuwa mbunifu", mume wangu yeye anasema ubunifu ni mambo ya makampuni makubwa, mi nivumilie tu. Kitenge si ni kitenge dada, nitabuni nini hapo?
Mama watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwanza acha kushindana bei na huyo kijana, yaani acha leo leo, kwa sababu yeye akichukua majora mengi kwa mpigo anapata bei ya chini kuliko wewe, kwa hiyo kila ukishusha yeye bado anapumua wewe unakula mtaji, mwisho wa mwezi unashangaa kodi ya fremu itatoka wapi.

Sasa hilo la kitenge ni kitenge. Hiyo khanga unayoiuza ilitoka wapi? Inasimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani yetu, Unguja na Mombasa huko, walichoka kununua leso moja moja, wakawa wananunua zikiwa bado kwenye jora hazijakatwa, wanachukua sita, wanazikata tatu tatu na kuziunga wapate nguo moja pana yenye mtindo wa peke yake. Wafanyabiashara walipoona hivo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa hivohivo, baadaye ndo yakaja na maneno ya chini. Yaani aliyebuni ni mteja, mfanyabiashara alichofanya ni kuwa na macho.

Na M-Pesa ni vilevile. Kabla haijaja watu wa nchi kadhaa za Afrika walishaanza kutumiana vocha kama hela, unamrushia ndugu yako muda wa maongezi naye anamuuzia mtu anapata cash. Majaribio ya M-Pesa yenyewe yalianza 2005 na yalilenga watu warejeshe mikopo midogo kwa simu, lakini wateja wakaanza kuitumia kwa shida zao wenyewe, wanatumiana hela, wengine wanaweka hela asubuhi kabla ya safari halafu wanaitoa wakifika ili wasiibiwe njiani. Safaricom walipozindua rasmi Machi 2007 wakaiweka mbele hiyo ya kutuma hela nyumbani, mwaka uliofuata Vodacom wakaileta huku kwetu, na leo hata muuza mchicha ana Lipa Namba.

Kwa hiyo mwambie shemeji yangu kwa heshima zote kwamba ukubwa wa kampuni sio hoja. Kodak, ile kampuni ya Marekani ya kamera na filamu, walikuwa na hela na wataalamu, injinia wao Steve Sasson alitengeneza kamera ya dijitali tangu 1975, lakini kampuni ilikuwa inaogopa kuua biashara yake ya filamu, na Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Nataka ufanye kitu kimoja tu kwa mwezi mzima, weka daftari dogo dukani, kila mteja akiomba kitu ambacho huna au hufanyi, andika. Naamini utakuta wanaopiga picha kitenge wamtumie fundi wao waulize kinatosha nguo gani. Utakuta kamati za harusi wanatafuta sare doti ishirini za rangi moja na hawapati dukani kwa mtu mmoja. Utakuta mama anayetaka kulipa kidogo kidogo mpaka Idi. Chukua hilo litakalojirudia sana ulifanyie kazi, mfano kama ni sare, elewana na fundi cherehani mmoja mwaminifu, chukua oda na malipo ya awali kabla hujaenda kuchukua mzigo, mteja anakuja mara moja anaondoka na kitambaa, vipimo na tarehe ya kuchukua nguo. Hapo hata huyo kijana akishusha bei elfu mbili, mwenyekiti wa kamati hatakuacha, maana wewe umemwondolea kichwa kuuma. Anza na oda moja ndogo uone fundi anatunza ahadi au la, usikope hela kwa ajili ya hili.

SWALI: Dada, natengeneza viungo vya pilau na kuvifunga kwa pakiti, nimebuni mchanganyiko wangu, sasa wenzangu wameanza kuiga mpaka rangi ya pakiti. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mchanganyiko ni vigumu sana kumzuia mtu asiuige, kwa hiyo vipimo vyako vibaki siri, hata msaidizi wako ajue vya upande mmoja tu. Jina na nembo lakini vinalindwa, nenda ukasajili alama ya biashara BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, kabla mwenzio hajakuwahi. Halafu pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze habari ya vifungashio na nembo ya TBS, yaani shirika la viwango, maana supamaketi wengi wataanza kukuuliza hiyo.