Babu yangu hakurina asali

Mara ya kwanza nilipouza kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, hapa Dar es Salaam, sikuwa hata na banda. Tulichangia meza watu wanne: mmoja viungo, mmoja batiki, mmoja sabuni za mwani, na mimi kwenye kona na chupa zangu za asali kutoka Sikonge, mkoani Tabora. Viwanja vya Barabara ya Kilwa vimefurika, vumbi limetanda, spika za mabanda makubwa zinashindana kupiga kelele. Ukisema "karibu asali, asali safi" hageuki mtu, kwa sababu hatua kumi mbele yako kuna mwingine anayesema hayohayo na chupa zake zimewekwa lebo nzuri kuliko zako.

Basi nikaanza kusimulia. Nikasema babu yangu alikuwa mrina asali. Kwamba alikuwa akiaga nyumbani na kamba, shoka na kijinga cha moto, akazama miomboni siku tano, akarudi uso umevimba kwa miiba ya nyuki na ndoo imejaa. Watu wakasimama. Dada mmoja akajishika kifua. Kufika adhuhuri chupa zimekwisha, nikampigia mdogo wangu alete nyingine kwa bodaboda.

Babu yangu alikuwa karani wa reli pale Tabora. Nyuki alikuwa akiwakimbia kama mimi na wewe. Mrina asali wa ukoo wetu alikuwa mjomba wake mama, ambaye maishani mwangu nilimwona mara tatu.

Siku ya tatu akaja mama mtu mzima, kajitanda khanga, akasimama pembeni akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwamkia, akaitikia.

"Marahaba mwanangu. Babu yako mizinga yake alikuwa akiitundika upande gani?"

"Sikonge, mama."

"Sikonge ndiyo kwetu. Nakuuliza upande gani."

Nikababaika. Akanionea huruma, akauliza jingine: mizinga ya gome la mti gani? Nikajibu mninga, maana ndio mti niliokuwa na uhakika kwamba unaota kule. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyemwaga uji. "Mninga tunachongea vitanda na milango. Gome la mzinga ni la mtundu, au myombo." Akafungua chupa ya kuonjea, akalamba, akatoa hela, akanunua moja. Kabla hajaondoka akaniambia asali yangu ni nzuri, haikuhitaji babu.

Najua wengi mmeshasikia kwenye semina za ujasiriamali kwamba mteja hanunui bidhaa, ananunua hadithi. Nimekaa kwenye semina hizo, chai na sambusa juu. Hakuna aliyenifundisha kilichonikuta kwa yule mama, kwa hiyo acha nikuandikie mimi.

Sisi tuliokuzwa na hadithi za usiku tunajua zilivyokuwa zikianza. Bibi anasema "Hadithi, hadithi!" Sisi tunajibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wengine kwao ni "Paukwa!" na "Pakawa!" Tusipoitikia, au tukiitikia kwa usingizi, bibi ananyamaza. Hasimulii ukuta. Ukiangalia vizuri, pale kuna mapatano mawili. La kwanza, msikilizaji ndiye anayefungua mlango. La pili, sote tumekubali kwa sauti zetu wenyewe kwamba uongo uje. Mimi pale Sabasaba nilivunja yote mawili. Niliwarukia watu waliokuwa wanapita, na uongo niliuleta bila mtu yeyote kuuitikia. Sungura na fisi wana ruhusa ya usiku. Mwenye lebo na namba ya simu hana.

Tangu siku ile ninajitahidi nisisimulie mpaka niitikiwe. Maana yake kwa vitendo ni kwamba naanza na swali, tena si swali la kitapeli la "je, unapenda afya njema?" Namuuliza mtu kitu ambacho lazima ana jibu lake: mara ya mwisho ulinunua asali wapi, na ilikuwaje? Hapo ndipo hadithi inapoanza, na ajabu ni kwamba si yangu. Hapa Dar karibu kila mtu ana kisa cha asali iliyochakachuliwa: chupa aliyonunua stendi, juu asali, chini sukari guru. Kisa kinachofanana naye, akishakitoa yeye mwenyewe, nusu ya kazi yangu imekwisha. Inabaki nimjibu.

Nikupe mfano wa kisa ambacho kimenilipia kodi ya nyumba. Mteja wangu wa Sinza alinirudishia chupa mbili akiwa amenuna. "Dada, umenichanganyia sukari, tazama." Kweli, asali ilikuwa imeganda, ina chenga nyeupe. Nikaanza kumfundisha kemia: glukosi, fruktosi, jotoridi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba mimi ni mwizi, tena mwizi aliyesoma. Nikamrudishia hela yake.

Usiku nikamkumbuka mama yangu. Kwetu asali ikiganda wakati wa baridi hakuna aliyeshtuka. Mama alikuwa akiweka chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, anaendelea na kazi zake, baadaye anakuta imeyeyuka. Sisi watoto tulikuwa tukiombea isiyeyuke, kwa sababu ile ya chenga unaila kwa kidole kama peremende. Basi. Nikamwandikia yule mteja hivyo hivyo, mistari mitano, nikamuuliza: chupa ulikuwa umeiweka wapi? Akajibu: kwenye friji. Nikamwambia asali halisi huganda, na friji inaiharakisha; aiweke kabatini, na siku ikiganda asiichemshe, maji ya uvuguvugu yanatosha. Akachukua chupa zake tena, na wiki iliyofuata akaleta dada yake.

Siku hizi simngoji mteja alalamike. Ninapomkabidhi chupa namwambia kabisa: hii mwezi wa saba itaganda, ukiona hivyo usinipigie kwa hasira, nipigie kwa kuniuliza. Anacheka. Mwezi wa saba ukifika, inaganda kweli, na yeye ndiye anayewasimulia wageni wake mezani kwamba "asali halisi ndivyo ilivyo". Amekuwa msimulizi wa biashara yangu bila kulipwa senti. Nadhani hiki ndicho nilichochelewa sana kukielewa: kisa kizuri cha biashara ni kile ambacho mteja anaweza kukibeba akakisimulia kama chake. Cha babu yangu, hata kama kingekuwa kweli, angekibebaje? Babu si wake.

Wauza khanga walilijua hili kabla ya sisi wote. Khanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji kuna jina, yaani ule msemo. Nenda maduka ya khanga ya Kariakoo, au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, nyumbani kwa zile zenye chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, uone wanawake wanavyonunua. Rangi inamvuta, lakini doti ikishafunguliwa macho yanatua kwenye jina. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Hapo utaona mtu anatabasamu peke yake. Ameshamkumbuka wifi, au shoga wa zamani, au mume. Mwenye duka hajui kisa hicho wala hahitaji kukijua. Yeye ameweka maneno manne tu, na mteja ameyajaza mwenyewe. Ukiandika posti ya biashara yenye aya nane za maisha yako tangu darasa la kwanza, umemwachia msomaji nafasi gani ya kuingia?

Na makampuni makubwa yakifanya vizuri yanafanya hivihivi. Majaribio ya M-Pesa kule Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya kulipia mikopo midogo kwa simu. Lakini Safaricom walipoizindua Machi 2007 hawakuja na somo la mikopo wala la teknolojia. Walikuja na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Kila aliyekuwa mjini na mzazi kijijini alikuwa tayari na kisa chake, cha bahasha aliyompa dereva wa basi akakaa siku mbili roho juu. Hakuhitaji kusimuliwa. Aliguswa tu pale.

Sasa, tahadhari, maana nimeona tunavyoharibu. Kisa si mahali pa kufichia bei. Mtu akikuuliza shilingi ngapi, mtajie kwanza. Hawa wenzangu wa "bei njoo inboksi", halafu ukienda inboksi unakuta wasifu wa marehemu shangazi, wananichosha hata mimi mfanyabiashara mwenzao. Mtu anayewahi daladala hataki hadithi. Mteja mwenye malalamiko pia hataki. Anataka hela yake au chupa nyingine, kisa kifuate baadaye kama kina nafasi. Na huruma usiifanye bidhaa. Atakayenunua kwa sababu ulimliza ananunua mara moja, kisha anakukwepa kwa sababu unamkumbusha huzuni.

Ndani ya biashara ndiko nilikopata faida nisiyoitegemea. Nina vijana wawili wanaonisaidia kuosha chupa na kujaza. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi: CHUPA IKAUKE KABISA KABLA YA KUJAZA. Ilikaa pale miezi, na chupa zenye matone zikaendelea kujazwa. Siku moja tukiwa tunakunywa chai nikawasimulia mzigo wangu wa kwanza kabisa. Nilijaza chupa arobaini usiku kwa pupa, nyingine zina maji chini. Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu na mwenye duka: njoo uchukue vitu vyako, vinatoa povu. Asali huvumilia miaka, lakini maji yote yaliyomo yakifika karibu asilimia 20 tu, inaweza kuchacha kama togwa. Niliwaambia jinsi nilivyopanda daladala na boksi la chupa zinazovuja mapajani, harufu ya pombe, kondakta ananiuliza "mama, umetoka kilabuni?" Wakacheka mpaka machozi. Karatasi ile nimeibandua. Sasa hivi mmoja akikuta tone ndani ya chupa anamwambia mwenzake: "Oya, kilabuni hiyo." Neno moja, na kazi inarudiwa.

Ukitaka kuwa na visa vya namna hii, viandike vikiwa vibichi. Nina daftari la shilingi chache karibu na mizani. Sihitaji maneno mazuri. Naandika mahali, alichosema mtu kama alivyokisema, na kitu kimoja cha kushikika. "Friji." "Kondakta." "Gome la mtundu." Baada ya mwezi ukisoma maneno hayo kisa kinarudi chote. Ukiandika "mteja hakuridhika na ubora" umekiua.

Lipo jingine ambalo nilitaka kuliacha, lakini nalo ni kusimulia.

Kabla ya asali nilikuwa nimeajiriwa, nikapunguzwa. Kwa miaka miwili mtu akiniuliza ilikuwaje, nilikuwa na kisa kimoja kilichonolewa kama kisu: bosi aliniona tishio, akaniweka kwenye orodha. Nilikisimulia kwenye misiba, kwenye harusi, saluni. Nilikuwa nakisimulia vizuri, niwaambie ukweli, watu waliguna panapostahili kuguna. Jioni moja kwenye kikao chetu cha vikoba, tukingoja mweka hazina, nikaanza tena. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkavu wa maneno, akanikata: "Hebu tusimulie tena, safari hii bosi asiwemo."

Sikuweza. Nilianza sentensi mara tatu, kila mara bosi anaingia. Nilipoweza hatimaye, kilichotoka kilinishtua. Kwamba mwaka wa mwisho nilikuwa naweka chupa za asali chini ya meza ya ofisi na kuuzia watu wa ghorofa ya pili. Kwamba ripoti zangu zilikuwa zinachelewa. Kwamba barua ilipokuja, kabla sijalia, nilihesabu haraka kichwani kiinua mgongo kitanunua ndoo ngapi. Sisemi bosi hakuwa na makosa. Alikuwa nayo, na moja siwezi kulisamehe mpaka leo. Lakini kile kisa cha kwanza kilikuwa kinanifanya mtu aliyetendwa tu, na mtu aliyetendwa hafungui duka, anangoja kuombwa radhi. Jaribu na wewe, na kile kisa chako unachokisimulia mno. Mtoe mbaya wako humo, uone kinachobaki. Inawezekana kikabaki kilekile, kwa sababu kweli ulitendewa. Mimi hakikubaki.

Yule mama wa Sikonge, kwa taarifa yenu, bado ni mteja wangu. Namba yangu aliipata kwenye lebo. Huwa anaangalia stetasi zangu za WhatsApp asubuhi, na nikikosea kitu ananitumia ujumbe wa sauti wenye majogoo nyuma. Wiki iliyopita niliandika kwamba warina hupanda mtini usiku kwa sababu nyuki wamelala. "Mwanangu," akasema, "nyuki halali hivyo, ni giza tu linamzuia kuruka akufuate. Futa hiyo, andika upya."

Nimefuta.