Kabla ripoti ya MRI haijaamua tiba ya mgongo wako

Kwenye chumba cha mazoezi tiba ninakofanya kazi, wengi huingia na bahasha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kwapani na hukumu tayari kichwani: "Pingili zimesagika, nimeambiwa nisiinue hata ndoo." Wengine wameshaacha kazi. Huwa naomba bahasha ikae mezani kwanza, tuzungumzie maumivu: yanaanzia wapi, yanaishia wapi.

Nina sababu. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 diski zao, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, zilikwisha kuanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 50, asilimia 80. Na hao hawaumwi! Ripoti ikitaja kuchakaa, huenda imetaja umri wako tu.

Ninaiamini picha inapoafikiana na mwili. Diski ya L4/L5, iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, ikitokeza kwa kawaida hubana mshipa wa fahamu uitwao L5: maumivu hushuka upande wa nje wa muundi hadi kidole gumba cha mguu, na kukiinua kidole hicho huwa kazi. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuja na ripoti ya diski iliyobana kulia, ilhali mguu uliomtesa ni wa kushoto, na maumivu yalikuwa kwenye kinena, hasa akivaa viatu. Nikamrudisha kwa daktari. Eksirei ikaonyesha nyonga ndiyo iliyoharibika. Fikiria angepasuliwa mgongo.

Zipo dalili zisizosubiri. Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, au mguu ukizidi kulegea, nenda hospitali usiku huohuo. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo vinataka picha mapema, kwani kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na eksirei ya mwanzoni yaweza kuonekana safi. Aliyewahi kuugua saratani naye asicheleweshwe.

Pasipo hayo, wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita kwa kutembea, mazoezi na dawa alizoandika daktari. Kabla ya kulipia kipimo kinachoweza kumaliza akiba ya nyumba nzima, muulize daktari: "Majibu yakiwa hivi utabadilisha nini? Yakiwa vile je?" Akikupa jibu la kueleweka, kapime. Hakikisha fomu imeandikwa upande unaouma na tangu lini, maana daktari wa mionzi, anayesoma picha, mara nyingi hakuoni wewe. Anaiona fomu na picha tu.