Kichakataji (CPU) kipi: Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel?

Ndugu, kwa gemu na kuhariri video kidogo, hizo mbili ni kama mapacha: zote viini (cores) 6, nyuzi (threads) 12. Kwenye gemu kadi ya michoro ndiyo itakayoamua.

Kama tayari una mazabodi yenye soketi ya AM4 (ya AMD), weka Ryzen, usijisumbue (sasisha BIOS kwanza, ile programu ya kuwashia bodi!). Unaanza sifuri? Mimi ningechukua Intel. Soketi yake, LGA1700, inapokea hadi kizazi cha 14 cha Intel, na bodi zake zipo za RAM ya DDR4 na za DDR5.

Ila hiyo F ya 12400F inamaanisha haina chipu ya michoro ya ndani, sawa na 5600. Kadi ikifa, skrini giza. Ukiweza kuongeza hela kidogo, chukua 12400 ya kawaida: Quick Sync yake (sehemu ya michoro ya ndani inayoharakisha kazi za video) inasaidia kweli kwenye kuhariri.